Ziwa Halina Ukuta

Mama alituandikisha mwezi wa Desemba,
kati ya kabichi chachu na kahawa ya pili,
bila kumwuliza mtu:
Triinu, mimi, mjomba Ülo, Arvi wa nyumba ya jirani,
na chini kabisa, kwa herufi ndogo, Helju,
yaani yeye mwenyewe.
"Mita mia tatu za maji, kilomita kumi za baiskeli,
mbili na nusu za miguu. Ni ya wanaoanza," akasema,
kana kwamba kuanza ni mafua
yanayopoa kwa chai ya asali.

Ana miaka sitini na mitatu.
Baridi yote alijifunza kuogelea bwawani, mjini Võru,
Jumanne na Alhamisi, kofia ya waridi kichwani,
akihesabu vigae badala ya mita.
Kila akivuka anashika ukuta, anahema,
anausemesha kidogo, anarudi.

Sasa ni Julai. Ziwa halina ukuta.

Tumesimama topeni, watu mia na ushei.
Wengine wamevaa mpira mweusi unaong'aa kama sili;
mjomba Ülo, suruali ya bustani iliyokatwa magotini.
Msichana mwenye kalamu nene anatuandika namba mkononi.
Mama ni sabini na nne.
Anazitazama tarakimu
kama mtu aliyepewa anwani mpya.

Filimbi.
Baridi inaingia kifuani bila kubisha hodi.
Viwiko, visigino, kikohozi cha mtu nisiyemjua.
Nilikuwa nimeapa kumshinda Triinu
(tangu utotoni ananishinda, hata kumenya viazi)
na kweli nilikuwa mbele yake urefu wa mkono
nilipogeuka kutafuta kofia ya waridi.

Amelala chali.
Katikati ya maji, mikono wazi,
kayaki ya mwokoaji ikimzunguka kama bata mwenye wasiwasi.
"Mama!"
"Ukuta nimeupata," akasema, macho mawinguni.
"Uko huku mgongoni. Nendeni."

Tukaenda.

Arvi, ambaye ni tarishi, alipanda baiskeli ya posta,
ile nzito, ya manjano, yenye kikapu mbele,
akapiga kengele kila lango
na kusalimu kila kaya kwa jina lililo kwenye bahasha zao.
Alipitwa na watoto. Alipitwa na bibi mwenye mbwa.
Mlimani, mnyororo wa mjomba Ülo ulichomoka,
na Triinu akashuka kumsaidia,
grisi hadi kwenye nyusi.
Mimi niliwapita.
Nalisema hapa kwa kuwa mezani sijalisema.

Kisha kukimbia, kama ni kukimbia:
miguu imetoka juu ya baiskeli
ikiwa imesahau ni ya nani,
goti linauliza, kisigino hakijibu,
na misonobari inasimama tu, haina haraka, inanuka utomvu.
Nilimaliza wa arobaini na moja.
Triinu wa hamsini na sita. Hakuniuliza kitu.
Alinipa nusu ya ndizi yake,
ikawa ngumu kumeza.

Ya mama tulisimuliwa na mwenye saa:
alipotoka majini aliketi kwenye taulo
akajifuta maji kati ya kidole na kidole, vyote kumi,
taratibu, kama mtu anayejiandaa kulala,
na saa inakwenda.

Walikuwa wameanza kukunja utepe.
Sufuria ya supu ilikuwa inakwanguliwa.
Ndipo akatokea kwenye kona ya msitu, anatembea,
midomo ya zambarau, na tukadhani ni baridi,
kumbe alisimama njiani kula matunda ya porini.
Utepe ukakunjuliwa.
Mjomba Ülo alipiga kifuniko cha sufuria hadi kikabonyea.

Usiku ule, katika bafu la moshi, tulisugua kila kitu:
tope, grisi, chumvi ya jasho.
Mama alikataa kusuguliwa mkono wa kushoto.

Jumatano namba ilikuwa ingalipo, imefifia.
Akikata mkate mweusi, alikunja mkono wa blauzi
juu kidogo kuliko kazi ilivyohitaji.